Siku ya Kuosha Kazi

Saa kumi na moja jioni Mama Pacha alisimamisha cherehani. Sketi ya mteja ilikuwa bado haina pindo, lakini ule ulikuwa muda wa kusikiliza geti.

Geti lao lilikuwa na bawaba mbovu. Lililia kila lilipofunguliwa. Likilia tu, Mama Pacha alinyanyuka, akampokea mumewe mfuko wa vifaa, kisha akamkumbatia. Ukiwaona ungesema ni maharusi wa jana. Kumbe mwenzetu alikuwa kazini. Alikuwa anamnusa mume.

Alimnusa mdomo, kola na mikono. Mumewe alijua. Mapacha wao, wasichana wa miaka sita, nao walijua.

Mume huyo alikuwa seremala. Mtaani walimwita Msasa, kwa sababu ubao haukutoka mikononi mwake mpaka uwe laini. Alikunywa pombe kwa miaka minane. Sasa ulikuwa mwezi wa nne hajaionja. Jirani yao, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyempeleka kwa daktari.

"Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani," muuguzi aliwaambia siku ile. "Anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Aachie mikononi mwa wahudumu wa afya."

Basi pombe ilimtoka Msasa, na hofu ikamwingia Mama Pacha. Alipekua chini ya godoro, nyuma ya kabati, hata ndani ya mabuti ya mvua. Hakupata kitu. Kila alipokosa, alizidi kuogopa.

Siku hiyo hofu ilikuwa na sababu. Asubuhi Msasa alisema, "Leo tunamaliza lile kabati kubwa." Mama Pacha akajichoma sindano. Pale karakana walikuwa na desturi yao, waliiita kuosha kazi. Kazi kubwa ikiisha, mwenye karakana hununua chupa, na mafundi hukaa juu ya mbao wakanywa. Asiyekunywa huambiwa anaringa.

Saa kumi na moja na nusu, geti kimya. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Alipiga mara saba. Pindo la sketi alilishona likaenda upande, akalifumua.

Karibu saa kumi na mbili, geti lililia. Msasa aliingia macho mekundu, akihema.

"Mama Pacha, leo kuna jambo nataka..."

Mkewe alikuwa ameshafika kwenye kola. Harufu ikampiga usoni.

"Umekunywa!"

"Ni spiriti hiyo. Si unajua tunachanganyia dawa ya kung'arishia mbao? Nimeshinda nayo tangu..."

"Spiriti! Na mwaka jana ilikuwa spiriti? Na mwaka juzi?"

Ni kweli, siku zake za ulevi spiriti ndiyo ilikuwa kisingizio chake. Uongo wa zamani ulikuwa umerudi kuula ukweli wa leo.

"Na simu je? Mara saba!"

"Mikono ilikuwa imejaa dawa, na baadaye..."

"Nyamaza! Huoni haya mbele ya watoto?"

Msasa alishusha mfuko wake chini polepole. "Kama naitwa mlevi nikiwa sijanywa," alisema, "basi sijui najikaza kwa ajili ya nani." Akatoka.

Mama Pacha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa kwa muda mrefu mno. Geti lilipojifunga, hasira ilimwisha hapo hapo, ikabaki hofu tupu. Aliwaacha mapacha kwa mpangaji wa chumba cha pili, akavaa kandambili za mtu, akakimbilia baa ya kona.

"Shemeji, karibu kiti!" walevi walimchangamkia.

"Yuko wapi?"

"Msasa? Huyo alishatutupa! Siku hizi anatusalimia akiwa ng'ambo ya barabara."

Walicheka. Yeye hakucheka. Alichungulia nyuma ya pazia, akachungulia uani. Msasa hakuwepo. Badala ya kupoa, alizidi kuogopa. Kama hayupo hapa, yuko wapi? Baa zilikuwa nyingi. Alirudi mbio mpaka kwa muuguzi kuomba msaada, akasukuma mlango bila hodi.

Msasa alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni. Alishika kikombe cha maji kwa mikono miwili.

Mama Pacha alimwendea. Muuguzi, aliyekuwa hajavua sare ya kazi, alimzuia kwa mkono.

"Usimnuse, mdogo wangu. Kaa. Msikilize."

Akakaa sakafuni. Msasa alisema bila kumtazama.

"Walinimiminia glasi. Nikaishika. Nikaiweka juu ya meza, nikasema kabati lina doa, acheni nilifute kwanza. Halikuwa na doa. Nililifuta saa nzima, mpaka wakamaliza chupa yao wakaondoka. Simu nilikuwa naisikia, ila niliogopa kuacha kitambaa. Nilipobaki peke yangu, nikajikuta naiangalia hata chupa ya spiriti."

Mama Pacha aliziba mdomo.

"Ile ni sumu," muuguzi alisema. "Inapofusha, inaua. Afadhali uliogopa."

"Nikafunga mlango nikakimbia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno." Sasa alimtazama mkewe. "Nilitaka wewe ndiye uwe wa kwanza kuambiwa."

Mama Pacha alilia. Aliona aibu, akamhurumia mumewe, akajihurumia na yeye.

"Shemeji," muuguzi alimwambia Msasa, "tamaa ya pombe hupanda, na baadaye hushuka. Mara nyingi haifiki nusu saa. Lakini wakati inapanda, mtu huona kama haitashuka kamwe. Usipambane nayo peke yako, na usibaki pale ilipokushikia. Ondoka, piga simu, sema wazi kwamba imekushika. Wenzako wa kikundi cha walioacha pombe si unao?"

"Ninao. Niliona haya kuwasumbua."

"Wasumbue! Wao hawakusumbui?"

Msasa alitabasamu kidogo. Juzi mmoja wao alimpigia simu, ikamkuta bafuni.

"Na hiyo spiriti, kwa sasa kaa nayo mbali. Harufu yake inakuamshia kiu. Huwezi kubadilishana kazi na mwenzako?"

"Yupo mmoja anayependa kazi hiyo ya kung'arisha. Mimi nitabaki na randa."

"Na mimi je, dada?" Mama Pacha aliuliza. "Nifanye nini? Nisipomchunga, nitajuaje?"

"Ukimchunga, atajifunza kukwepa macho yako. Ukimuuliza ukamsikiliza, atajifunza kusema. Alhamisi kuna kikundi cha familia pale zahanati. Njoo. Na wewe umeumwa ugonjwa huu, ila hukuandikiwa cheti."

"Na kama angekunywa leo?"

"Angekuja hapa leo leo, tukaanza tena. Kosa la siku moja halifuti miezi minne. Kulificha ndiko kunakorudisha mtu kulekule."

Kesho yake Msasa alizungumza na mwenye karakana. Aliogopa kuliko siku ya kumposa mkewe. Mzee alikuna kichwa. "Kumbe ndiyo maana kabati liling'aa vile," alisema. Wakakubaliana. Msasa hatagusa tena spiriti, na siku ya kuosha kazi ataondoka kabla chupa haijafunguliwa. Mama Pacha naye alikwenda Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata. Godoro likapumzika.

Wiki ya tano walimaliza kitanda kikubwa cha wageni. Siku nyingine ya kuosha kazi. Mama Pacha alishona kwa hofu ile ile, lakini simu hakuigusa.

Saa kumi na moja kasorobo, geti lililia. Alinyanyuka. Miguu ilimpeleka mpaka kwenye kola kwa mazoea, kisha akasimama. Alirudi hatua moja nyuma, akapokea mfuko.

"Leo ilikuwaje?"

Msasa alivuta pumzi ndefu. "Ngumu," alisema. "Saa tisa ilinishika vibaya. Nikampigia yule wa bafuni. Tuliongea mpaka ikashuka, ndipo nikaaga."

Akakaa kwenye ngazi, akamsimulia yote, na Mama Pacha akakaa pembeni yake. Mapacha waliwatazama kwa mashaka.

"Mama," mmoja aliuliza, "leo humnusi baba?"

Wazazi walitazamana. "Leo nimemuuliza," Mama Pacha alijibu.

Mtoto hakuridhika. Alikwenda mwenyewe, akazika pua kwenye shati la baba yake, akavuta kwa nguvu.

"Ananuka jasho," alitangaza.

Mama Pacha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaegemeza kichwa kwenye lile bega lenye jasho, akafumba macho. Siku hiyo hakuwa anatafuta kitu.