Kilio ya Emérence

Ilibakia saa moja tu bateau, meli ya Goma, iende. Ghislaine akatoka ku port, kule bandari, kutafuta maziwa ya mutoto. Kazi ya dakika kumi. Jua ilikuwa inashuka nyuma ya kilima ya Kadutu, na pale chini ziwa ilikuwa imetulia tuu.

"Maman," Emérence akasema mugongoni.

Ghislaine akaendelea kutembea. Alijibu tangu asubui mpaka mudomo ikachoka.

"Maman. Maman. Maman!"

Balifika Bukavu mbele jua itoke, juu ya camion, lori ya kutoka Kamituga, siku tatu mu njia, matope mpaka mu masikio. Bateau ilikuwa ya mangaribi. Basi siku nzima mu muji mukubwa, na mutoto wa miaka mbili, na mutu haumujui hata moja. Balikaa ku ngazi ya kanisa, sentinelle wa kulinda akabafukuza. Balikaa mbele ya duka ya simu, mwenye duka akauliza kama bananunua ao banauzwa. Balipanda mpaka mutaa ya Nyawera, bakashuka, bakapanda tena. Na kila mama mwenye kupita, Emérence alimunyooshea mukono, akamuita maman, yule mama akapita, na mutoto akaanza kulia upya.

Emérence alikuwa mutoto wa Rosette, yaya yake Ghislaine, dada yake mukubwa. Rosette alikufa Kamituga, ilikuwa wiki ya tatu sasa. Homa siku mbili, ya tatu basi. Bakamuzika haraka sababu ya mvua. Ghislaine hakulia. Hakujua sababu ya nini. Alipikia batu chai, akakunja nguo za yaya, akajibu simu. Kifua yake ilikuwa kama nyumba yenye batu baliisha kuhama.

Mama yao, maman Eulalie, iko Goma. Njia ilimushinda kufika ku mazishi. Ku simu alisema kitu moja tu:

"Uniletee ule mutoto muzima. Njo kitu Rosette aliniachia. Muzima, Ghislaine."

Ile njo Ghislaine alikuwa anabeba. Mutoto, na ile neno.

Pale ku barabara, bamotari batatu balikuwa banakaa juu ya pikipiki zao.

"Tantine!" moja akaita. "Mutoto anaita mama yake, na weye uko nani? Ulimuiba?"

"Ndiyo. Unanunua?"

Benzake bakacheka mpaka moja akashika tumbo.

"Huyu? Na hii makelele? Apana, murudishie mwenyewe!"

Ghislaine akapita. Hata kucheka hakucheka. Akaanza kupanda ngazi za udongo zenye zinapita katikati ya manyumba, sababu balimuambia duka ya maziwa iko kule juu.

Njo pale alimuona mama moja.

Alikaa pembeni ya ngazi, juu ya jiwe. Hakuwa kijana, hakuwa muzee. Mugongoni alikuwa na mutoto, amefungwa na kitenge, amefunikwa mpaka kichwa. Joto yote ile... amefunikwa mpaka kichwa.

"Huyu analia tangu asubui," mama akasema.

Hakuuliza. Alisema tu.

"Ndiyo, maman. Utusamehe."

"Anaitwa nani?"

"Emérence."

Mama akasimama polepole. Uso yake yote ikafunguka.

"Majina yangu!"

Ku batu ya kule, majina iko kitu kubwa. Ukikutana na mutu mwenye munaitwa jina moja, hata kama ni mara ya kwanza munaonana, yule iko ndugu. Anakupa kitu, na weye unamupa. Majina hakataliwake. Kumukatalia ni kama kukatalia mutu maji.

Lakini Ghislaine aliangalia mikono ya yule mama kwanza. Mutoto wa Kivu anajua karuho mbele ajue kusoma: ile sumu yenye batu banaweka mu chakula, unakula leo, unakufa kisha mwaka. Chakula ya mukono haujui, haukamate. Aliisha kutayarisha neno ya kukatalia ndizi, ao beignet.

Mama hakutoa chakula. Alitoa kofia.

Kofia ndogo ya manyuzi, nyeupe, ya kusuka na mukono. Ya mutoto wa siku moja. Kichwa ya Emérence haingeingia mule hata kidogo.

"Majina, kamata. Ni yako."

Ghislaine akapumua. Kofia tu. Nani aliisha kuuawa na kofia?

"Aksanti, maman."

"Na miye, majina yangu ananipa nini?"

"Ah, maman, uone ginsi tuko. Mutoto hana kitu."

"Iko nacho." Mama akacheka kidogo, bila kufungua meno. "Anipe tu ile kilio yake."

Ghislaine alichoka. Mugongo ilikuwa inaungua. Sikio ilikuwa inalia yenyewe. Akasema vile mutu mwenye kuchoka anasema:

"Chukua yote, maman. Hata usirudishe."

"Mutu anapana kitu na mukono," yule mama akasema mu sauti ya chini.

Basi Ghislaine akakamata mukono mudogo ya Emérence, akaiweka mu mukono ya yule mama. Ilikuwa mukono ya baridi. Baridi na maji maji.

Emérence akanyamaza.

Pale pale.

Ghislaine alipanda ngazi zingine ishirini, na ilikuwa bien. Kweli ilikuwa vizuri. Alisikia tena bintu ya muji: radio, sufuria, batu banabishana juu ya maji. Akanunua maziwa na biskuti. Akamushusha mutoto atembee kidogo.

Emérence akajikwaa.

Akaanguka na uso juu ya jiwe. Damu ikatoka ku paji ya uso, ikashuka mu jicho. Akafungua mudomo. Kubwa. Shingo ikakaza, mishipa ikasimama, mwili yote ikatetemeka vile mutoto anatetemeka akilia sana...

Sauti, hakuna.

"Emérence?"

Mudomo wazi. Macho kavu. Hata chozi moja.

"Emérence, lia. Lia, mwana. Lia!"

Akamutikisa. Akamufinya mukono, akafinya nguvu, mpaka alama ikabakia. Mutoto alimuangalia tu na ule mudomo wazi, kama mulango yenye batu balisahau kufunga.

Njo Ghislaine akasikia.

Kule juu, nyuma ya manyumba.

"Maman... Maman... Maman!"

Ilikuwa ile sauti. Ya siku tatu ya camion. Angeijua katikati ya soko nzima. Emérence alikuwa mu mikono yake, amenyamaza, na kilio yake ilikuwa inalia kule juu.

Chini, ku ziwa, bateau ikapiga honi ya kwanza.

Ghislaine angeweza kushuka. Aliwaza vile. Bateau iko, mutoto anapumua, damu itakauka. Lakini *muzima*, maman alisema. Akamufunga mutoto mugongoni, akapanda.

Courant ya umeme ilikuwa imekatika. Giza ilikuwa inaingia, ile yenye bado unaona bintu lakini haujue ni nini. Alifuata kilio. Ikamupitisha pembeni ya mufereji, nyuma ya choo, chini ya nguo za kuanikwa. Harufu ikaanza kubadilika. Maziwa. Maziwa ya titi, yenye imechacha.

Kilio ikamufikisha ku nyumba moja bila mulango. Yule mama wa kofia alikaa mbele yake, anatikisika polepole, anamubembeleza ule wa mugongoni. Na pale chini ya kitenge, kilio ya Emérence ilikuwa inalia.

"Maman," Ghislaine akasema. Akanyoosha ile kofia. "Maman, nimerudisha kofia."

"Kofia iko ya majina yangu."

"Nilikuwa nasema tu. Nilichoka."

"Ulipana na mukono."

"Nakuomba, maman. Iko mutoto."

"Na huyu ni nini?"

Kitenge ikatikisika. Ghislaine hakutaka kuangalia. Aliona tu kamuguu. Kadogo sana, na rangi yake... ile rangi ya mukaa yenye imezimwa na maji.

Mama akasema chini chini, kama mwenye anaogopa kuamusha mutu:

"Alizaliwa, hakulia. Bakamupiga mugongo, hakulia. Bakamuweka mu karton ya sabuni. Nikataka kumulilia, bamama bakanikataza. Balisema mwenye hakulia, haliliwake. Hana jina, hana matanga, hana kitu. Sasa sikia. Sikia ginsi analia vizuri..."

"Maman!" ikalia mule mugongoni. "Maman!"

Na yule mama akajibu, "Niko hapa, niko hapa," na uso yake ikajaa furaha.

Honi ya pili.

Ghislaine akasikia Emérence anapumua mu shingo yake, haraka haraka. Mutoto alikuwa analia pale nyuma, na nguvu yote. Bila kitu kutoka. Mutoto mwenye hawezi kulia, akiugua usiku nani atajua? Akianguka mu maji nani atasikia?

"Chukua yangu," Ghislaine akasema.

Mama akaacha kutikisika.

"Uko nayo?"

"Iko nzima. Yaya yangu alikufa, sikulia hata tone. Yote iko ndani."

Mama akasimama. Akakaribia mpaka ile harufu ya maziwa ikaingia mu mudomo. Akaweka bidole bibili ku koo ya Ghislaine, vile munganga anatafuta homa. Akasikiliza muda murefu.

"Yo..." akasema. "Iko mingi. Iko ya mutu mukubwa."

"Chukua."

"Na mukono."

Ghislaine akapana mukono.

Haikuuma. Ni vile alikumbuka baadaye: kitu haikuuma. Kitu ilipita tu ku koo, kama maji yenye unameza lakini inatoka.

Mugongoni, Emérence akapasua sauti. Ikalia mpaka mbwa moja ikajibu kule chini.

Na chini ya kile kitenge, kitu yenye haikufika kilo mbili ikaanza kulia na sauti ya mwanamuke mukubwa.

"Yaya... Yaya yangu Rosette ee... Uliniacha na nani..."

Ilikuwa sauti ya Ghislaine. Ilikuwa inasema maneno yote. Hata zile hakuzijua.

Akakimbia.

Bateau balikuwa banafungua kamba wakati aliruka ndani. Emérence alilia mpaka pua ikafunga. Mama moja wa kuuza samaki sambaza, mwenye alikaa pembeni yao, akamuangalia mutoto na huruma. Kisha akaona kofia, sababu bado ilikuwa mu mukono ya Ghislaine.

"Nani alikupa hiyo?"

"Majina ya mutoto. Pale juu ya port."

Yule mama akakusanya bitunga byake, kimoja kimoja, akahama mpaka upande mwingine ya bateau. Hakuangalia nyuma.

Goma balifika asubui. Mu parcelle, kiwanja ya nyumba ya maman Eulalie, balikuwa baliisha kutandika bâche ya kivuli, viti vya plastique, bamama ba mutaa bote. Kilio ya matanga ya Rosette ilikuwa inangojea mutoto wake afike ili ianze kweli. Na ikaanza. Maman Eulalie akaanguka chini, akakamata Emérence, akamugusa kichwa, mikono, miguu. Akaona kidonda ku paji ya uso. Mutoto akalia na nguvu, na maman akasema katikati ya machozi:

"Muzima! Ulimuleta muzima!"

Kisha bote bakageuka kumuangalia Ghislaine, sababu sasa ilikuwa zamu yake. Mudogo wa marehemu. Mwenye alimufunga macho. Mutu mwenye kukosa machozi ku matanga ya ndugu, banasema njo yeye alimuua.

Ghislaine akafungua mudomo. Akakunja uso vile uso inakunjwa. Akajaribu kumuita yaya yake.

Sauti, hakuna. Macho kavu.

Akajaribu tena.

Bamama bakaanza kunyamaza. Moja, kisha mwingine. Mwishoni palibakia Emérence peke yake anashangaa, machozi ingali ku mashavu. Akateremuka ku magoti ya koko yake Eulalie. Akatembea mpaka kwa Ghislaine, akajipangusa na kiganja, akanyoosha mukono, akamupaka tantine yake yale machozi ku shavu. Moja upande huu. Moja upande ule.

Yakakauka pale pale. Bote baliona.

Maman Eulalie akamukamata mutoto na nguo, polepole, akamuvuta nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Ghislaine," akasema. "Yaya yako alikufa na nini?"