Pacha wa Diski ya Saba

Tabibu hakuwa na miguu wala uso. Alikuwa mkono mrefu wa chuma uliotembea kwenye reli ya darini, akichomoa diski iliyokufa na kuchomeka mpya kabla fundi hajamaliza kupiga chafya. Katika Dodoma ya mwaka 2094, seva ya hospitali aliyoitunza ilibeba maagizo ya mioyo-bandia elfu tisa. Kila asubuhi kila moyo uliiuliza seva upige vipi siku ile, maana hakuna wagonjwa wawili wanaofanana. Kila diski ilikuwa na pacha wake mwenye nakala ileile. Zikifa zote mbili, moyo hubaki na mapigo ya jumla, na mapigo ya jumla ni nguo ya mtumba: humkaa mmoja, ikambana mwingine.

Jumatatu pacha wa diski ya saba alitangazwa mfu. Jumanne, kabla nakala mpya haijakamilika, Tabibu akaitangaza na ya saba yenyewe. Ilibaki idhini ya Injinia Nyamizi tu, isagwe kinuni. Ndani yake walikuwamo watu sitini na mmoja.

Nyamizi hakuidhinisha. Alikuwa mwanamke wa kushuku. Hata chai ya kantini aliinusa kwanza. Safari hii alimshuku Mzee Chilongani, mtunza stoo, kwa kuwa diski zote mpya zilipitia mikononi mwake. Alimwita bila hata shikamoo.

"Mzee, hizi diski unazotuletea ni mpya kweli, au mpya zinakwenda kwingine?"

"Injinia, nina miaka thelathini na moja kwenye stoo hii. Pima kwanza, ndipo uniite mwizi."

"Basi kaa hapo uone."

Mioyo ilikuwa imeshauliza asubuhi ile, kwa hiyo Nyamizi alikuwa na muda hadi kesho. Kwanza alibadilisha kebo, huenda imelegea. Kisha akaihamishia diski kwenye tundu jingine, maana tundu bovu huisingizia diski nzima. Mwishowe akaitoa kabisa, akaiunganisha na kompyuta yake ya mezani ambako Tabibu hakuweza kuigusa, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Saa tatu zilipita. Ilisoma polepole kidogo, lakini haikupoteza hata herufi moja.

Aibu ilimpanda Nyamizi hadi masikioni. Shaka yake sasa ikahamia kwingine.

"Tabibu, diski ya saba ina ugonjwa gani?"

"Imekufa."

"Nimeisoma yote!"

"Ni nzito kusoma. Diski nzito huonekana njano kwenye ubao wa taarifa. Ukaguzi wa mwaka ni keshokutwa. Kabla ya ukaguzi, za njano hutangazwa zimekufa na kubadilishwa ili ubao wote uwe kijani."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Kumbukumbu za kazi za mafundi, miaka tisa. Aliyefanya mara nyingi zaidi ni Injinia Nyamizi."

Ilikuwa kweli. Ujanja huo mafundi waliuita kupiga pasi. Mgeni akija, nyumba hufagiliwa. Ila wao walihakikisha kwanza kwamba pacha ni mzima. Walitazama kwa macho tu, hawakuandika popote, hivyo Tabibu hakujifunza kutazama. Nyamizi aliogopa kuuliza, akauliza.

"Mwaka jana, kuna pacha wawili walisagwa pamoja?"

"Ndiyo. Niliwatangaza mimi, ukaidhinisha. Walikuwamo watu hamsini na wanne. Hamsini na mmoja waliandikiwa maagizo mapya kwa wakati."

"Na watatu?"

"Sikuulizwa."

"Wataje."

"Salapioni Mkude. Tabu Masinga. Nyemo Chilongani."

Mzee aliinuka kwenye kiti chake, kisha akakaa tena.

"Huyo wa mwisho," alisema. "Mwambie arudie."

Tabibu alirudia, kwa sauti ileile.

Nyamizi aliirudisha diski ya saba tunduni na kuamuru nakala iendelee. Wale sitini na mmoja wangeamka salama. Kisha akamgeukia mzee.

"Mke wangu," alisema Mzee Chilongani. "Mliniambia moyo wake umechoka. Nikawashukuru, nikaenda kuzika. Sikumshuku mtu."