Udongo Ndani ya Kiberiti

Siku ya wanafunzi pale makumbusho, hata sisimizi hapati pa kupita. Ndipo kijana wa data, shati jeupe limenyooka pasi, alipomgonga mlangoni fundi wa visukuku, yule dada anayesafisha mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Sinia likayumba, jino la kiboko likaruka, kijana akalidaka.

"Pole, jamani!"

"Pole baadaye. Lete jino langu!"

"Lako? Kumbe una meno makubwa hivyo!"

Dada akacheka, gauni lake la kijani limejaa vumbi. Miezi minne baadaye simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Vumbi tu, Bwana Takwimu."

Kazi ya kijana ilikuwa kuingiza visukuku vyote kwenye kompyuta, watafiti wajue mnyama gani aliishi wapi. Sasa kisukuku kisichojulikana kilikotoka ni balaa, unaweza kumweka kiboko jangwani. Basi kila kisukuku chenye nafasi ya "mahali" tupu, alikifuta. Vikaenda vipande mia mbili na kumi na viwili, vyote vya mchimbaji mmoja aliyeandikwa kwa namba tu. Kumbe ni marehemu baba yake fundi.

"Umemfuta baba yangu," dada alisema kwenye simu.

"Sikujua ni yeye, mpenzi. Lakini hata ningejua, bila mahali data haifai."

"Haifai? Miaka arobaini juani, wewe unabonyeza mara moja!" Akakata.

Wiki nzima hakupokea simu. Kijana alikuwa sahihi, sikatai, ila mdomo wake ungengoja kidogo! Angeweza kuvirudisha kimyakimya apate kusamehewa. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwa mama mkwe mtarajiwa, jasho linamtoka.

"Mama, mzee alikumbukaje alikochimba?"

Mama akainama, akavuta boksi chini ya kitanda. Lilijaa viberiti.

"Mume wangu hakujua kuandika, lakini hakuwa mjinga. Kila alipochimba alichota udongo kidogo. Alama hii kwenye kiberiti ndiyo aliyochora kwenye mifupa ya hapo. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza, mwanangu."

Kijana alishindwa kujizuia, akalia mbele ya mama wa watu.

Udongo ukapelekwa maabara, ukalinganishwa na wa machimbo ya zamani, kiberiti kimoja kimoja. Baada ya miezi miwili kijana akampigia dada simu. Safari hii ikapokelewa.

"Mia moja na tisini vimerudi, kwa jina lake kamili. Ishirini na viwili bado. Siwezi kukudanganya."

Dada akaangua kilio.

"Asante. Mama ameniambia yote. Ungenidanganya ningejua, na nisingekusamehe. Asante sana, mpenzi wangu."

Kesho yake walikutana pale pale mlangoni. Kijana akampa kiberiti. Ndani, vumbi tupu.

"Umelitoa wapi?"

"Hapa ulipotaka kuniua kwa ajili ya jino. Nataka kukuoa, Mama Mifupa. Sema neno."

Dada alichukua kalamu, akachora jino juu ya kiberiti.

"Mpelekee mama. Akikiweka na vya baba, nimekubali."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akalitazama lile jino, akacheka huku anafuta machozi, akakiweka ndani ya boksi la viberiti vya mumewe, akalisukuma chini ya kitanda.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa kaa ule."