Injini Iliyozimwa Mteremkoni

Ndugu zangu, siku ya pili ya Idi, Salmah alikuwa na furaha. Mumewe Abubaker, msafirishaji wa mizigo wa Bwera, magharibi mwa Uganda, aliwapandisha milimani kwa pikapu hadi kwenye maporomoko ya maji juu ya Ibanda. Walikula pilau kwenye mawe yaliyolowa. Binti yao Nasifah, wa miaka saba, alikinga manyunyu kwa viganja huku akipiga kelele kwa baridi. Salmah alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Lakini Abubaker alikuwa na tabia ambayo madereva wengi mnaijua: kila mteremko alizima injini, gari liteleze lenyewe, aokoe mafuta. Walipoanza kushuka, Nasifah akiwa nyuma kwenye sehemu ya mizigo iliyo wazi, pamoja na baba yake mdogo Shafic, injini ikanyamaza.

"Baba Nasifah, washa gari. Mutoto iko nyuma."

"Mulima inatupeleka bure, mama. Wewe unataka tulipe?"

Shafic akachungulia dirishani. "Shemeji, kama unaona inakawia, shuka usukume!"

Walicheka wote, hata Nasifah. Salmah akaona haya. Alitaka kusema, "Nishushe na mwanangu, tutatembea." Maneno yalifika kooni, akayameza. Jamani, wangapi kati yetu tumeyameza hivyo tusiitwe waoga?

Konani ng'ombe walikuwa wakivuka. Abubaker alikanyaga breki, akaikuta ngumu kama jiwe, maana injini ikizimwa breki haina wa kuisaidia. Akakanyaga tena na tena. Usukani nao ulikaza. Pikapu ilipanda ukingo, ikapinduka.

Shafic aliinuka akiushika mkono uliovunjika. Nasifah hakuinuka. Salmah alimkuta majanini, gauni lake jipya halijachafuka hata kidogo.

"Nilikusikia, Salmah," Abubaker alilia, amepiga magoti. "Wallahi nilikusikia."

Walimzika Bwera kesho yake. Watu humlaumu Abubaker, naye hajitetei. Lakini Salmah, kila anaposujudu, huomba msamaha kwa yale maneno ambayo hakuyasema.

MAFUNZO

Enyi wenye magari, mafuta mnayookoa mteremkoni hayalingani na roho ya mtu. Msizime injini. Msiwapakie watoto nyuma kama mizigo. Nanyi mnaoketi kando ya dereva, mkiona hatari semeni. Mkichekwa, semeni tena, kisha mwombe kushushwa. Mungu amrehemu Nasifah, na atupe ulimi wa kusema mapema.