Mishipa ya Mguu Haichanjwi

Milima ya Mbinga haina huruma na miguu ya mtu. Kwenda kuteka maji ni kushuka, kurudi ni kupanda, na shamba lenyewe limelala ubavuni mwa mlima. Emerensiana alizaliwa huko, akaolewa huko, akazaa watoto watano huko. Hakuna aliyewahi kumwita mvivu, naye hakutaka siku hiyo ifike.

Ulikuwa msimu wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isichukue udongo. Mume wake, Urbani, alikuwa amekwisha kufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mwanamke: kuchimba katikati, kuzifunika nyasi kwa udongo, na kupanda maharage juu ya matuta. Mvua za mwisho hazimngoji mtu. Maharage yakichelewa, watoto watakula nini?

Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umegoma. Kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, mishipa ilikuwa imevimba na kujipinda kama mizizi iliyotokeza juu ya ardhi. Ilianza wakati wa mimba ya tatu. Kila jioni mguu ulikuwa mzito, ukivimba na kuwasha. Emerensiana aliuficha kwa kitenge kirefu. Aliogopa jambo moja tu, kuambiwa aweke jembe chini.

Siku moja wifi yake, Vitalia, alimkuta amekaa shambani akijikuna.

"Wifi, mguu huo una damu chafu," alisema Vitalia. "Imeganda humo. Tuchanje itoke, halafu tupake unga wa mizizi. Marehemu mama alituchanja hivyo migongo ilipouma."

"Nitaweza kulima kesho?"

"Kesho hiyohiyo!"

Emerensiana hakutaka kusikia lingine. Alipiga moyo konde, wakarudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda uani, akanyoosha mguu. Vitalia alichukua wembe, akachanja juu ya mshipa mnene karibu na kifundo.

Damu iliruka ikalowesha gauni la Vitalia. Alibandika unga, ukasombwa. Alibandika majani, nayo yakasombwa. Hapo ujuzi ukamwishia.

"Uwii! Mama Dorothy! Tunakufa huku!"

Mama Dorothy alikuwa jirani yao, muuguzi mstaafu. Alikuwa Mnyasa wa kule Liuli, ziwani, aliyeolewa milimani. Siku zote wanawake hawa walimwamkia kwa kupiga goti. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka shikamoo.

"Mlaze chali!" aliamuru. "Inua mguu, upite usawa wa moyo."

Alikunja kanga safi, akakandamiza kidonda kwa nguvu. Vitalia alileta kamba.

"Weka kamba chini, Vitalia. Hapa tunakandamiza, hatufungi. Na usifunue kuchungulia!"

Emerensiana alitazama mawingu huku machozi yakimtiririkia masikioni. Alijua sasa kwamba angeweza kufa kwa sababu ya shimo dogo kuliko punje ya mahindi. Alisikia hofu, kisha akasikia hasira. Hakuwa tayari kufa.

Damu ilisimama. Urbani alikimbia kuomba gari la jirani linalobeba kahawa. Walimlaza nyuma, mguu juu ya magunia, wakateremka hadi Mbinga mjini. Huko daktari alishona kidonda, akamchoma sindano ya pepopunda. Alihakikisha damu inafika vizuri vidoleni mwa mguu, ndipo akampa soksi maalumu za kubana miguu.

Emerensiana aliporudi nyumbani, Mama Dorothy alikuja kumwona. Vitalia alikuwa pembeni, kichwa chini.

"Shikamoo, mama," alisema Emerensiana. "Niambie ukweli. Nitalima au silimi?"

"Marahaba, mwanangu. Utalima, ila si kama ulivyozoea. Sikiliza. Damu ya miguuni ina kazi ya kupanda kurudi kwenye moyo. Ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vilango vikilegea, damu inatuama, mshipa unavimba. Si damu chafu, ni damu yako ileile."

"Vinalegezwa na nini?"

"Mimba nyingi, kusimama muda mrefu, uzito wa mwili, na wengine wamerithi tu. Wewe unasimama umeinama ndani ya shimo kutwa. Ukitembea, nyama ya kigimbi inakamua damu kuipandisha. Ukisimama tu, haikamui kitu."

Vitalia aliinua kichwa. "Kwa hiyo dawa zetu za majani zote ni uongo?"

"Nani kasema? Mshubiri ule wa nyuma ya nyumba yako, ute wake unapoza ngozi inayowasha. Paka kidogo kwanza uone kama ngozi inaukubali. Kitambaa cha maji baridi nacho kinatuliza. Kula mboga na mapapai, choo kiwe laini, maana kujikamua kunaongeza shinikizo kwenye mishipa. Vyote hivyo ni msaada. Lakini hakuna jani linalotengeneza kilango kilicholegea. Usipake dawa kwenye kidonda, usinywe mizizi usiyoijua, na mshipa hauchanjwi kamwe."

Kisha akamgeukia Emerensiana, akamkazia macho.

"Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, usiukande. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, usingoje hata kubadili nguo."

Nyuzi zilipotolewa na daktari akaruhusu, Emerensiana alirudi shambani. Asubuhi alivaa soksi kabla ya kushuka kitandani. Alichimba ngolo moja, akatembea hadi mpakani na kurudi, akachimba nyingine. Alipochoka alilala kwenye mteremko, kichwa upande wa bondeni na miguu upande wa kileleni.

Majirani walipokuja kwenye ngokela, ile kazi ya kusaidiana kwa zamu, walimkuta katika hali hiyo. Walicheka hadi wakashika mbavu.

"Emerensiana amegeuka popo!"

"Chekeni," alijibu bila kuinuka. "Popo huyu atamaliza shamba lake."

Urbani naye alishika jembe, akaanza kufunika nyasi. Mmoja alimtania kwamba ameolewa. "Maharage hayaulizi nani kafukia," alijibu Urbani, akaendelea kuchimba.

Shamba liliisha kabla mvua hazijakatika. Maharage yaliota, matuta yakawa ya kijani mlima mzima. Mishipa haikuondoka, kwani Mama Dorothy hakuwa amemdanganya. Lakini jioni mguu haukuwa mzito tena, na Emerensiana hakuuficha.

Siku ya kupalilia, Vitalia alikaa kando yake akizungusha maneno. Mwishowe aliinua gauni hadi gotini. Miguu yake yote miwili ilikuwa imejaa mishipa iliyojipinda, mibaya kuliko ile ya wifi yake.

"Tangu lini?" aliuliza Emerensiana.

"Miaka. Nilitaka kuona kwako kwanza, wifi. Ungepona, nami ningejichanja."

Emerensiana aliweka jembe chini. Alitaka kugomba, akashindwa. Alimshika mabega, akamlaza taratibu kwenye mteremko.

"Kesho tunakwenda wote Mbinga kwa daktari," alisema. "Leo lala hapa. Miguu juu."