Utepe wa Fundi

Rafiki yangu msusi si mtu wa kuzusha mambo, na haya alinisimulia huku amejikumbatia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kuwekewa matiti ya bandia, na tangu nyuzi zitolewe, upande wa kushoto ulimtekenya kwa ndani, kama mtu anayejigeuza usingizini. Daktari alimwambia ni mishipa ya fahamu inaamka. Lakini alisema hivyo akitazama ukuta, na msusi akaingiwa na shaka.

Alasiri moja alipeleka blauzi zake zikapanuliwe kwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye maneno mengi. Fundi alimwingiza kwenye kijichumba cha kupimia kisicho na dirisha, akafunga mlango, akamzungushia utepe kifuani.

"Bana pumzi, mwanangu, nisije nikakushonea gunia."

Msusi akabana. Mara umeme ukakatika. Giza likawa totoro, mashine za nje zikanyamaza, ikabaki sauti ya utepe ukisugua kitambaa.

"Nimesema ubane pumzi," fundi akarudia.

"Nimebana, mama."

"Mbona utepe unanivuta vidole?"

Msusi akabana tena, safari hii akaziba na pua. Fundi akamsogezea sikio kifuani. Naye akabana yake ili asikilize vizuri.

Mle ndani hakuna aliyekuwa akipumua. Na bado utepe ulikaza, ukalegea, ukakaza tena upande wa kushoto, taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyelala fofofo.