Mstari Ulionyooka Kupita Kiasi

"Fungua."

Dereva wa lori la friji alifungua. Kipanga akachungulia, bastola yake ya Glock ikitangulia.

Samaki.

Samaki watupu, wamekodoa macho kama waliofumaniwa.

Kipanga, jasusi aliyewatoa jasho wafanyamagendo wa bandari zote, aliubamiza mlango. Dawa ya homa iliyoibwa hospitalini ilikuwa kwenye lori moja kati ya matatu yanayokimbilia mpakani. Wodini watoto arobaini walikuwa wakiisubiri. Mmoja wao ni mpwa wake, mtoto pekee wa dada yake.

Redio ikakoroma.

"Umepata?"

"Nimepata kitoweo, Mkuu."

"Acha utani. Geti la mpakani linafunguliwa saa nne. Lori likivuka, basi tena."

Casio yake ilisema saa tatu na dakika thelathini na nane. Malori mawili yamebaki. Barabara mbili, moja kaskazini, moja kusini. Pikipiki moja.

Akikosea tena, mtoto amekwenda.

Kwenye simu yake kulikuwa na grafu tatu, zilizotumwa na vipimajoto vya malori. Alilifuata lori la kwanza kwa sababu mstari wake ulipanda ghafla kama ukuta. Alidhani mlango ulifunguliwa, dawa ikapakiwa.

Akampigia fundi wa majokofu wa idara, mwanamke anayejua habari za kila nyumba mtaani.

"Mama Friji, nimeharibu."

"Najua. Dada yako kanipigia, analia. Halafu nasikia tangu juzi hujala, na yule mchumba wako—"

"Mama. Grafu."

"Haya. Huo ukuta wako, namba za pembeni ulizisoma?"

Akazisoma. Chini, nne. Juu, nne na nusu.

Uso ukamwaka moto. Ukuta wote ule ulikuwa nusu digrii.

"Kichuguu umekiita mlima," alisema Mama Friji. "Lori la pili?"

"Mstari unapanda, unashuka. Kati ya tatu na sita, kila dakika kumi."

"Hiyo friji nzima. Mashine inawaka, inazima. Ndivyo inavyopumua. La tatu?"

"Hilo halina neno. Digrii nne tangu alfajiri. Mstari umenyooka kama rula."

Mama Friji akasahau umbea wote.

"Mwanangu, friji ya lori haitulii hivyo hata ikiegeshwa. Hicho kipimajoto hakimo ndani ya friji. Wamekichomoa, ndiyo maana mlango ulifunguliwa dawa ikipakiwa na mstari haukutikisika. Lifuate hilo."

"Una uhakika?"

"Mbona bado nakusikia? Washa pikipiki."

Yamaha ilinguruma kuelekea kusini.

Saa tatu na hamsini na tano. Lori la tatu, mita mia mbili kabla ya geti. Kipanga akalipita, akaiegesha pikipiki katikati ya barabara.

Dereva alishusha kioo akitabasamu. "Maua tu, bosi. Joto letu halijabadilika hata kidogo. Angalia grafu."

"Nimeiangalia."

Kando ya dereva kulikuwa na chupa ya chai.

"Nimiminie kidogo, kaka. Sijala tangu juzi."

Tabasamu likayeyuka. Mkono wa dereva ukazama chini ya kiti.

Glock ilikuwa imeshafika sikioni pake.

"Utoe taratibu. Mtupu."

Kipanga akafungua chupa. Maji baridi. Ndani yake, kwenye mfuko wa plastiki, kipimajoto kilikuwa kikipepesa taa yake ndogo ya kijani.

Nyuma ya maua, maboksi yote ya dawa yalikuwepo. Bado yana baridi.

"Mkuu. Tuma helikopta."

"Na mwizi?"

"Ana pingu. Anakunywa maji."

Alasiri ya siku ya pili, dada yake alimwonyesha karatasi iliyoning'inia kitandani.

"Mstari unashuka, kaka. Si unashuka?"

Kipanga hakuutazama mstari. Aliinama kwanza kwenye namba za pembeni, akazisoma moja moja. Juzi, arobaini na moja. Leo, thelathini na saba.

"Unashuka kweli," alisema.

Akavaa helmeti palepale wodini, akashusha kioo kabla dada hajayaona macho yake, akatoka.